Mto Hauna Urefu Peke Yake

Oktoba 2024, muda mfupi baada ya wakandarasi kumaliza kubomoa mabwawa manne ya mto Klamath, unaoanzia Oregon na kupita California hadi Bahari ya Pasifiki, samoni walionekana katika kijito ambacho ukoo wao haukuwa umekifikia kwa zaidi ya karne moja. Miezi miwili kabla ya hapo, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kutumia sheria yake ya kurejesha mazingira asilia, yenye lengo la kuzifanya kilomita 25,000 za mito zitiririke bila kizuizi ifikapo mwaka 2030. Tangu wakati huo kila anayezungumzia samaki wa maji baridi anasema jambo moja: bomoa ukuta, fungua njia, samaki watarudi wenyewe.

Sina ugomvi na ubomoaji. Mabwawa mengi yanayobomolewa yamezeeka, hayazalishi umeme wa maana, na yalistahili kuondoka zamani. Ugomvi wangu ni na funzo ambalo watu wamelitoa humo. Kwa sehemu kubwa ya samaki wa mito mikubwa, njia iliyokatwa vibaya kuliko zote ni ile ya pembeni, ya kutoka mkondoni kuingia kwenye uwanda wa mafuriko na kurudi. Tena muunganiko si dawa ambayo ukiongeza kipimo mgonjwa anapona haraka. Aina nyingi za samaki huishi pamoja mahali ambapo maji huungana na kutengana kwa zamu, kila tukio likija kwa wakati wake. Sera inayohesabu kilomita za mkondo ulio huru inapima jambo la kweli, ila inaliacha nje lile linaloamua ni spishi ngapi zitakuwepo miaka hamsini ijayo.

Kosa hili limetoka kwa samoni mwenyewe. Maisha yake yanasimulika kwa urahisi: anazaliwa kwenye changarawe za kijito cha milimani, anashuka baharini, anakua, kisha anapanda tena kuzaa na kufa alikozaliwa. Kwa kiumbe wa namna hiyo ukuta katikati ya mto ni hukumu, na ukuta ukiondoka hukumu imefutwa. Lakini maji baridi ya mito, maziwa na vinamasi, yanayofunika chini ya asilimia 1 ya uso wa dunia, yanabeba karibu nusu ya spishi zote za samaki zinazojulikana, takriban 18,000. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Safari zao ni fupi, za kwenda upande, na zinategemea maji yapande kiasi gani na yakae siku ngapi. Hata samoni tukimtazama kwa makini hatoshei vizuri katika hadithi yake mwenyewe: katika Yolo Bypass, uwanda wa mafuriko ulio kando ya mto Sacramento huko California, watafiti waliona samoni wachanga wakikua haraka zaidi kuliko wenzao waliobaki ndani ya mkondo mkuu. Chakula kilikuwa kwenye maji ya kina kifupi juu ya nchi iliyofurika, si katika mkondo wa kasi.

Wanasayansi wenyewe walichukua muda kufika hapo. Mwaka 1980 ilichapishwa nadharia iliyokuja kutawala masomo ya mito, iliyoutazama mto kama mfululizo mmoja kutoka chemchemi hadi mdomoni, kila sehemu ikiishi kwa kile kilichoteremka kutoka juu. Nadharia hiyo ilitokana na mito ya misitu ya Amerika Kaskazini, na huko ilifanya kazi vizuri. Waliokuwa wakifanya kazi Amazon hawakuona mto wa namna hiyo. Mwaka 1989 Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks walipendekeza kwamba katika mito yenye uwanda mpana, injini ya uhai ni mapigo ya mafuriko ya kila mwaka: kupanda na kushuka kwa maji juu ya nchi kavu. Mto, kwa maoni yao, haukomi kwenye kingo zake. Uwanda unaofurika nao ni mto, ila ni mto kwa sehemu ya mwaka.

Tazama namna mapigo hayo yanavyofanya kazi. Maji yanapopanda taratibu yanaikuta nchi iliyojaa majani makavu, samadi ya wanyama na udongo ambao umepumzika kwa miezi. Virutubisho vinayeyuka, mwani unachipuka, na vijidudu vidogo vya majini vinazaliana kwa wingi ambao mkondo wenye tope na kasi hauwezi kuufikia. Samaki wakubwa wanaingia kutaga, na vifaranga wanaangukia mahali penye chakula tele, majani ya kujifichia na maji yasiyo na nguvu ya kuwasomba. Katika Amazon, tambaki, samaki anayeweza kuzidi kilo 20, huingia msituni msimu wa maji mengi na kula matunda yanayodondoka, kisha huzisafirisha mbegu mbali na mti mama. Huko Kambodia, mafuriko ya mto Mekong huugeuza mto Tonle Sap utiririke kinyumenyume, na ziwa lenye jina hilo hupanuka zaidi ya mara tano ya ukubwa wake wa kiangazi. Maji yanaposhuka samaki hutoka nayo, na wavuvi huwa wameshapanga nyavu zao kuwasubiri. Hakuna ukuta wowote katika maelezo haya. Unaweza kuwa na mto usio na bwawa hata moja, ukajenga matuta ya udongo pande zote mbili, ukaumaliza.

Hadi hapa mtu anaweza kusema hoja yangu ni nyepesi: basi tuunganishe na pembeni pia. Ingekuwa hivyo kama kila samaki angetaka kitu kimoja. Uwanda wa mafuriko ni mkusanyiko wa maji ya hali tofauti: mikono ya mto inayotiririka mwaka mzima, maziwa yanayofikiwa kila mwaka, mengine yanayofikiwa mara moja kwa miaka kadhaa, na vidimbwi vinavyokauka kabisa. Kambale na kamongo, wanaoweza kuvuta hewa, huvumilia kinamasi kilichoishiwa oksijeni ambamo samaki wa mkondo wangekufa kwa siku moja. Samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, wanaopatikana katika vidimbwi vya muda vya Afrika Mashariki na ya kusini-mashariki, wameenda mbali zaidi. Spishi mojawapo, iliyochunguzwa Msumbiji, iliweza kukomaa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa. Hutaga, hufa kidimbwi kinapokauka, na mayai hungoja ndani ya matope makavu mpaka mvua irudi. Ukikichimbia kidimbwi chao mfereji wa kudumu wa kwenda mtoni umewaondolea ukame uliokuwa ukiwazuia samaki wakubwa wasiwafikie. Hiyo nayo ni njia ya kuwamaliza, na ripoti ya mradi itaandika kwamba muunganiko umeboreshwa.

Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 kwenye uwanda wa Danube, mashariki mwa Vienna, ulionyesha jambo hili kwa uwazi. Spishi za samaki zilikuwa nyingi zaidi kwenye maji yaliyounganika sana na mto, ilhali vyura na jamaa zao walistawi kwenye maji yaliyojitenga. Hakuna kiwango kimoja cha muunganiko kilichowafaa wote. Mafuriko makubwa pia huyafanya maji ya uwanda mzima yafanane kwa muda, na tofauti hurudi yanaposhuka, kila ziwa likishika njia yake: hili linajaa magugu, lile linabaki jeupe, jingine linachemka kwa joto na kubakiwa na wavumilivu tu. Katika uwanda wa chini wa Rufiji kuna maziwa madogo kandokando ya mto, kila moja likiwa na kimo chake cha kupokea maji. Mafuriko yakiwa hafifu baadhi yake huachwa, na yakiachwa miaka mfululizo hunywea, hata kukauka. Perege wa Rufiji na kambale hawaishi katika ziwa moja wala katika mto peke yake. Wanaishi katika tofauti iliyopo kati ya maziwa hayo, na tofauti hiyo hutunzwa na mafuriko yasiyolingana.

Kisha kuna kisa ambacho kila mwenye shauku ya kuunganisha angepaswa kukisoma kabla hajaagiza mashine. Mwaka 1982, bwawa la Itaipu kwenye mto Paraná, mpakani mwa Brazili na Paragwai, lilizamisha maporomoko ya Sete Quedas. Kwa muda mrefu sana maporomoko hayo yalikuwa yametenganisha samaki wa juu na samaki wa chini, wakawa jamii mbili tofauti. Maji yalipoyafunika, spishi zaidi ya 30 za chini zilipenya kwenda juu. Miongoni mwao alikuwa piranha mmoja, Serrasalmus marginatus, ambaye alimsukuma kando ndugu yake wa asili wa eneo hilo. Mwaka 2002 ulifunguliwa mfereji wa kilomita 10 hivi kulizunguka bwawa lenyewe, ili samaki wanaohama wapite, na njia nyingine ya wageni ikawa imefunguka. Kwa hiyo bwawa lilelile lilifunga mto na kuuunganisha mahali ambapo asili ilikuwa imeutenga, na kwa spishi za asili za Paraná ya juu madhara yalitoka kote kuwili.

Kambi inayodai mkondo huru ina ushahidi mzito, na sitaki kuudogosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya mito yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, asilimia 37 tu ndiyo bado iko huru kutoka mwanzo hadi mwisho. Barani Ulaya vimekadiriwa vizuizi visivyopungua milioni 1.2, na karibu saba katika kila kumi havifiki hata mita mbili kwa kimo. Kwa wanaohama mbali hili ni suala la kufa na kupona: kambale mkubwa wa Amazon aitwaye dourada huzaliwa karibu na Andes, hukulia karibu na bahari na hurudi kutaga, mzunguko unaozidi kilomita 11,000. Huyo huwezi kumsaidia kwa kurudisha mafuriko kwenye kinamasi kimoja. Takwimu inayonukuliwa zaidi, ya idadi ya samaki wahamaji wa maji baridi kushuka kwa asilimia 81 kati ya 1970 na 2020, ni wastani wa mabadiliko katika makundi yanayofuatiliwa, haimaanishi kwamba samaki 81 kati ya 100 wametoweka. Hata hivyo mwelekeo wake ni mbaya kwa hesabu yoyote. Ninachosema ni kwamba ukuta wa mita moja na nusu ukiondolewa kwenye mto ambao kingo zake zimeinuliwa kwa matuta tangu zamani, samaki wamepewa njia ndefu zaidi ya kupita kwenye bomba. Sheria ya Ulaya, tuitendee haki, inataka ubomoaji uambatane na kurejesha kazi za asili za nyanda za mafuriko. Namba waliyoipa lengo, lakini, ni ya kilomita, na maofisa hukimbilia kile kilichopewa namba.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya wale wanaosema hatuhitaji kuchagua, tujenge bwawa na kuliwekea ngazi ya samaki. Ngazi hizo zilibuniwa kwa samoni na jamaa zake: samaki mwenye nguvu, anayeruka, anayepanda dhidi ya maji ya kasi mara moja katika maisha. Bwawa la Pak Mun nchini Thailand, kwenye mto unaoingia Mekong, lilipewa ngazi ya aina hiyo miaka ya 1990, katika bonde lenye spishi kwa mamia, nyingi zikiwa hazijui kuruka na baadhi zikipita kwa makundi makubwa kwa siku chache tu. Haikufanya kazi iliyoahidiwa, na mwaka 2001 malango yalilazimika kufunguliwa kwa mwaka mzima baada ya malalamiko ya wavuvi. Hata pale ngazi inapofaulu kuna swali ambalo mauzo yake hayaligusi. Watafiti wa Amerika Kusini, wakiwemo Fernando Pelicice na Angelo Agostinho, wameeleza kwamba samaki wakishapandishwa hujikuta kwenye hifadhi ya maji tulivu isiyo na uwanda wa mafuriko huko juu, na mayai na vifaranga wao hawawezi kuelea kurudi chini kupitia maji yaliyosimama. Ngazi inawatoa mahali penye mazalia na kuwapeleka pasipo nayo. Mhandisi atahesabu samaki waliopanda na kuandika kwamba imefaulu.

Hoja ya wanaoogopa mafuriko yenyewe ni nzito zaidi. Mwaka 2010 na 2011, baada ya ukame mrefu, mafuriko ya bonde la Murray nchini Australia yaliosha majani ya miaka mingi kutoka misituni. Bakteria walipoyavunja walimaliza oksijeni, maji yakawa meusi na samaki wakafa kwa wingi. Mtu akisema basi muunganiko unaua, ana mizoga ya kuonyesha. Lakini kilichoyalimbikiza majani hayo ni miaka ya kukosa mafuriko madogo, na sehemu ya ukosefu huo ilitokana na maji kuzuiwa na kuchotwa kwa kilimo. Uwanda unaofurika mara kwa mara huosha kidogo kidogo. Kuhusu samaki wavamizi sina jibu la kufurahisha. Katika mto Illinois nchini Marekani, karpu kutoka Asia wamejaa kiasi kwamba kufungulia uwanda wowote ni kuwakaribisha. Kwenye hifadhi ya Emiquon, ardhi iliyokuwa mashamba na ambayo pampu zake zilizimwa mwaka 2007, wasimamizi walikaa miaka kadhaa bila kuiunganisha na mto, kisha mwaka 2016 wakakamilisha lango linalofungwa na kufunguliwa kwa uamuzi. Wapo walioliona lango hilo kama kusaliti urejeshaji. Mimi naliona kama uamuzi wa busara kuliko mingi ya fani hii, kwa sababu linakiri kwamba swali ni lini na kwa kiasi gani.

Kizuizi kigumu kuliko vyote ni kwamba juu ya uwanda wa mafuriko wanaishi watu. Matuta yamelinda nyumba na mashamba, na anayependekeza kuyaondoa bila kusema watu wataenda wapi hajapendekeza kitu. Ila kati ya tuta kamili na kutokuwepo kwa tuta kuna nafasi kubwa ambayo haitumiki. Bangladesh imeonyesha kwamba milango ya matuta ya kuzuia mafuriko, ambayo kwa kawaida husimamiwa kwa ajili ya mpunga, ikifunguliwa mapema maji yanapoanza kupanda huwaruhusu vifaranga wanaoelea mtoni kuingia ndani. Vivyo hivyo kwa mabwawa makubwa. Kwenye mdomo wa mto Senegal, bwawa la Diama la mwaka 1986 lilikata mafuriko ya upande wa Mauritania. Tangu mwaka 1994 hifadhi ya Diawling imekuwa ikifurishwa kwa malango, na uvuvi ukarudi pamoja na ndege na malisho. Mwaka huohuo, kaskazini mwa Kamerun, maji yalianza kuachiliwa kwa majaribio kuelekea uwanda wa Waza-Logone, uliokuwa umenyimwa mafuriko na bwawa la Maga na matuta ya mradi wa mpunga tangu 1979. Kuta zote mbili, Diama na Maga, bado zimesimama. Katika orodha ya kilomita zilizokombolewa zingeandikwa sifuri.

Hiyo ndiyo sababu nadhani kinachopimwa kinapaswa kubadilika: hekta zinazofurika, siku ambazo maji hukaa juu yake, mwezi yanapofika, na ni maziwa mangapi ya vimo tofauti yanapata zamu. Kibali cha bwawa jipya kingetaja mafuriko ya chini kwa tarehe na ujazo, na si kile kiwango cha chini cha maji ya mwaka mzima kinachoitwa maji ya mazingira, ambacho huuweka mto hai kama mfereji na kuuacha uwanda ukikauka. Kampuni ya umeme italalamika, na ina sababu, kwa kuwa msimu wa kujaza bwawa ndio msimu uleule ambao samaki wanahitaji maji. Malalamiko hayo yakae mezani yakiwa na bei yake, sambamba na bei ya samaki waliopotea, ambayo mpaka sasa haiandikwi mahali popote. Mipaka ya hifadhi nayo haiwezi kubaki ya kuzungushia ziwa. Huko Mamirauá, katika Amazon ya Brazili, jamii zinazohesabu pirarucu kila anapoibuka kuvuta hewa hulinda maziwa ambamo samaki hao hubaki maji yanaposhuka, zikijua kwamba mafuriko yatawatawanya msituni na kwamba ulinzi huo una maana kwa sababu kuna msitu wa kutawanyikia.

Na upo uwezekano wa kuunganisha kupita kiasi kwa mikono ya wavuvi wenyewe. Katika uwanda uleule wa Logone, mifereji ya kuvulia iliyochimbwa kutoka vidimbwini hadi mtoni imeongezeka sana, kila mmiliki akiweka wavu kwenye mdomo wa mfereji wake maji yanaposhuka. Kila mfereji ni muunganiko mpya. Kwa pamoja mifereji hiyo inaweza kuharakisha maji kuondoka, na samaki wachanga wanaotoka kurudi mtoni wanakutana na nyavu kabla ya kukutana na mkondo. Kinachohitaji kujadiliwa huko hakina uhusiano na kubomoa chochote: ni wiki ngapi za mwanzo wa maji kushuka midomo ya mifereji iachwe bila wavu, nani atasimamia, na mwenye mfereji atakula nini katika wiki hizo.